Kinyonga Amevimba, au Amenona?

MAMBO YA NYUMBANI
Na Karani wa Parokia, Kashozi



Juma hili nataka kujibu swali la mama mmoja wa huku kwetu. Najua wako watakaocheka wakilisoma. Lakini mimi sikucheka, maana ndani yake mna ugomvi wa nyumba nzima, na machozi ya mtoto. Mama huyo aliandika hivi:

“Mwalimu, kijana wangu wa darasa la tano anafuga kinyonga. Alimtoa katika mibuni mwezi wa kumi, akamfunga uzi mguuni na kumweka juu ya mti mdogo nyuma ya jiko. Senene walipoanza kushuka akawa anamlisha senene asubuhi na jioni, na mnyama hakukataa hata siku moja. Sasa shingo yake imejaa kama mfuko, na tumbo limetuna. Bibi yake asema ana mimba, asiguswe. Baba yake asema hiyo ni sumu imejaa, atupwe motoni kabla hajatudhuru. Jirani naye amekwisha kusema maneno yasiyofaa juu ya nyumba yetu. Kijana analia, asema yeye alimpenda tu, akamshibisha. Nifanye nini?”

Basi, twaona watu wanne wametazama shingo moja, na kila mtu ametoa hukumu yake. Bibi asema mimba, baba asema sumu, jirani asema uchawi, mtoto asema shibe. Yafaa tuchunguze neno la kila mmoja kwa utaratibu, kama hakimu asikilizavyo mashahidi, ndipo tujue la kufanya.

NENO LA SUMU NA UCHAWI

Tuanze na hili, kwa kuwa ndilo linaloweza kumwua mnyama leo hii. Kinyonga hana sumu. Hana sumu menoni, wala katika ngozi, wala katika pumzi. Akikasirika aweza kung’ata, na kinyonga mkubwa huumiza kidogo, lakini hatoi sumu yoyote. Macho yake huzunguka kila moja upande wake, rangi yake hubadilika, ulimi wake huruka mbele kupita urefu wa mwili wake. Mambo haya yamewashangaza watu tangu zamani, na mshangao ukageuka kuwa hofu. Makabila mengi ya Kibantu yana hadithi ya kinyonga aliyetumwa kuwapelekea watu habari ya uzima, akatembea polepole, habari ya kifo ikamtangulia. Hadithi ni hadithi, nasi twaipenda jioni karibu na moto. Lakini si ushahidi wa kumchoma mnyama, wala wa kumchongea jirani.

Duniani wako vinyonga wa aina zaidi ya 200, na nchi yetu ya Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizo na aina nyingi sana, hasa katika milima ya Usambara, Uluguru na mingine ya mashariki. Tunaye kinyonga mkubwa kuliko wote wa bara la Afrika, ambaye aweza kufikia urefu wa sentimeta 60 pamoja na mkia. Katika mlima Meru na nchini Kenya wako wenye pembe tatu kichwani. Watu wa Ulaya na Marekani huwafuga majumbani na kuwatibu kama sisi tutibuvyo mbuzi. Mwaka 1972 baadhi ya hao wa pembe tatu walipelekwa kutoka Kenya hadi Hawaii kwa mtu mwenye duka la wanyama. Akawaachia bustanini wapate nguvu baada ya safari. Wakatawanyika, wakazaana, na wako huko hata sasa. Kwa sababu ya ufugaji huo waganga wa mifugo wamejifunza mengi juu ya magonjwa ya vinyonga, na mengi ya nitakayoyaeleza yametokana na kazi yao.

KUJITUNISHA SI UGONJWA

Kabla ya kusema kinyonga amevimba, kwanza mwache atulie. Mapafu yake yana vijifuko vinavyoenea ndani ya mwili, naye akiogopa huvijaza pumzi mpaka aonekane mara mbili ya alivyokuwa. Hufungua kinywa, hutoa sauti ya kupuliza, na hugeuza ubavu wake mpana kwa adui. Watoto wakimzunguka na kumchokoa kwa kijiti, bila shaka watamwona “amevimba”. Rudi nyuma hatua kumi, ukae kimya muda wa robo saa. Ikiwa amenywea, basi ilikuwa hofu tu, na dawa yake ni kuwafukuza watoto.

Na jambo jingine. Kinyonga dume huwa na shina la mkia nene kuliko jike, kwa maumbile yake. Uvimbe huo wa chini ya mkia, ukiwa sawasawa pande zote mbili, usiutilie shaka.

NENO LA BIBI: MIMBA

Bibi hakusema upuuzi. Kinyonga jike mwenye mayai hunenepa kweli, na watu wengi wamemwua wakidhani ni mgonjwa, kumbe wameua na kizazi chake. Kinyonga wa kawaida tunayemwona katika sehemu nyingi za nchi, yule mwenye ngozi mbili kama masikio nyuma ya kichwa, aweza kutaga mayai 20 hadi 40, na mara nyingine zaidi. Huchimba shimo katika udongo wenye unyevu, hutaga, hufukia, kisha huenda zake. Mayai hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Wako na wengine ambao hawatagi, bali huzaa watoto walio hai, kama wale wa pembe tatu niliowataja.

Utamtambuaje mwenye mimba? Tumbo lake hujaa upande wa chini na mbavuni, wala si shingoni. Ukimtazama ubavuni waona vinundu vinundu, kana kwamba amemeza punje za mahindi. Siku zikikaribia hupunguza kula au huacha kabisa, hakai mahali pamoja, hushuka chini na kuparura udongo. Mama huyu hufai kumfunga, maana akikosa udongo wa kuchimba mayai hubaki tumboni. Dalili za mayai yaliyokwama ni hizi: anakaa chini bila kupanda, anafumba macho mchana, hana nguvu ya kushika mti. Akifikia hapo, kifo ki karibu.

NENO LA MTOTO: SHIBE

Sasa tuje kwenye kunona. Kinyonga wa porini hanoni kupita kiasi ovyo. Leo apata panzi wawili, kesho hapati kitu. Kiangazi wadudu hupungua, naye huishi kwa mafuta kidogo aliyoyaweka tumboni wakati wa mvua. Mwili wake umeumbwa kwa njaa ya namna hiyo, kwa hiyo akipewa chakula hakatai. Hajui kesho kuna senene wengine kwenye ndoo.

Nao senene, ndugu zangu, sisi wa Bukoba twawajua utamu wao. Lakini tunajua pia kwamba ukiwakaanga hutii mafuta, wanajitoa wenyewe. Wataalamu waliowapima wameona kwamba, wakikaushwa, karibu nusu ya uzito wao ni mafuta. Ndiyo sababu huwa chakula chenye nguvu kwa binadamu anayelima. Kwa kinyonga aliyefungwa uzi, asiyetembea hata hatua ishirini kwa siku, ni mzigo juu ya mzigo. Mabuu manene ya wadudu nayo ni vivyo hivyo.

Dalili za kinyonga aliyenona ni hizi. Kichwani, juu ya macho na nyuma yake, panapopaswa kuwa bapa au kubonyea kidogo, pana matuta laini. Miguu ya mbele na ya nyuma imekuwa minene, hata mikunjo ya ngozi yaonekana kwapani. Shina la mkia limejaa. Tumbo ni la mviringo sawasawa, bila vinundu. Naye amekuwa mzito wa kutembea, akipanda huteleza, na hupenda kukaa mahali pamoja kutwa. Ndani yake, tusipopaona, mafuta hulizunguka ini na kulichosha. Kwa hiyo kinyonga mnene aweza kufa ghafula, na mwenye nyumba akasema, “Ajabu! Jana alikuwa amenawiri.” Hakuwa amenawiri.

NENO AMBALO HAKUNA ALIYELISEMA: MAJI

Mashahidi wetu wanne wameacha neno moja, nalo ndilo muhimu. Kunona ni kitu kimoja, na kuvimba ni kitu kingine. Kunona ni mafuta, kuvimba ni maji yaliyokusanyika chini ya ngozi. Kwa kinyonga maji hayo hupenda kukaa shingoni na chini ya koo, hata aonekane amevaa kola ya shati iliyojazwa pamba. Hutuna pande zote mbili, huteketea ukigusa taratibu kwa ncha ya kidole, na mara nyingi huzidi siku hii na kupungua siku ile. Mafuta hayafanyi hivyo. Hayaji leo na kuondoka kesho.

Sababu zake ni kadha wa kadha. Ya kwanza ni kula kupita kiasi, hasa chakula cha namna moja tu siku zote. Ya pili ni figo kuchoka, na figo za kinyonga huchoka upesi akikosa maji. Ya tatu ni huko ng’ambo zaidi: wafugaji huwanyunyizia wadudu unga wa vitamini, na wengine huzidisha, hasa vitamini A na D, wakidhani dawa nyingi ni afya nyingi. Mnyama huvimba shingo kwa wema wa mwenyewe.

Tena juu ya maji ya kunywa, watu wengi huwekea kinyonga bakuli, na kumbe mara nyingi haoni kwamba ni maji. Yeye hunywa matone ya umande na mvua juu ya majani. Aweza kufa kwa kiu bakuli likiwa limejaa mbele yake. Tazama kinyesi chake: ile sehemu nyeupe ikiwa nyeupe kweli, anapata maji ya kutosha, ikiwa ya manjano au ya rangi ya chungwa, ana kiu. Na macho yakizama ndani, kiu ni kubwa.

UVIMBE MWINGINE

Uvimbe ukiwa upande mmoja tu, usifikiri mafuta wala maji. Nitataja upesi:

1. Mguu uliofungwa uzi. Uzi hukaza, damu haipiti, kiganja huvimba na vidole hugeuka rangi kuwa vyeusi. Hili ndilo baya la kawaida huku kwetu, nalo latokana na mikono ya watoto.

2. Jicho lililovimba na kufumba. Huenda ni uchafu, au ukosefu wa vitamini A. Kinyonga asiyeona hawezi kulenga ulimi, basi hufa njaa.

3. Viungo vya magoti na vidole vilivyovimba na kuuma. Huo waweza kuwa ugonjwa wa jongo, ule ule uwapatao watu, hasa kwa kukosa maji na figo kushindwa kazi.

4. Miguu iliyopinda na taya laini kama mpira. Hiyo ni mifupa iliyokosa chokaa na jua. Mnyama aliyewekwa ndani ya sanduku jikoni huipata.

5. Tezi ngumu mahali pamoja, hasa pembeni mwa kinywa. Hilo ni jipu. Usaha wa mnyama wa jamii ya mjusi ni mgumu kama jibini, hautoki kwa kubinya.

6. Kitu kama uzi kinachojipinda chini ya ngozi. Huyo ni mnyoo, na vinyonga wa porini huwa nao.

TULIYOYAONA

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa mama huyo, pamoja na mwalimu mmoja wa sayansi. Tuliwaomba watoto wa jirani wakae mbali, tukangoja. Mnyama alinywea kidogo, lakini shingo haikunywea. Mwalimu aliigusa: laini, yenye kuteketea, sawasawa kulia na kushoto. Juu ya macho palikuwa na matuta. Tumbo lilikuwa la mviringo, halina vinundu, na kijana alisema kinyonga hajaparura udongo wala hajaacha kula. Shina la mkia lilionyesha ni dume. Basi neno la bibi likaanguka, naye bibi alicheka mwenyewe akasema, “Haya, mjukuu wangu, kumbe mimba yake ni ya senene.”

Lakini tulipomgeuza tuliona lile ambalo hakuna aliyelitaja katika barua. Mguu wa nyuma wa kushoto, chini ya uzi, ulikuwa umevimba, na vidole vimekuwa vyeusi. Wote walikuwa wakitazama shingo, wala hakuna aliyetazama mguu. Kijana alipouona alinyamaza kabisa. Akaukata uzi yeye mwenyewe kwa wembe, mkono ukimtetemeka, mwalimu akimshika kiwiko.

Tulimwambia asimlishe kitu siku nne, kisha mdudu mmoja mwembamba kila baada ya siku mbili, panzi wa majani, si senene. Asubuhi na jioni anyunyizie majani maji safi kwa mkono, matone yadondoke polepole. Asubuhi mti wake upate jua, na pawe na upande wa kivuli akimbilie akichoka, maana kinyonga hana joto lake mwenyewe. Pasipo jua chakula hakisagiki tumboni. Baada ya siku kumi na mbili shingo ilikuwa imepungua sana. Vidole viwili havikupona, vilikauka vikadondoka. Lakini mguu ulishika tena, naye alipanda.

Ndipo kijana akamrudisha katika mibuni ile ile alikomtoa. Mama asema alikaa pale mpaka jioni, akimtazama anavyokwenda hatua moja mbele na nusu nyuma, hata asimwone tena.

MAMBO YA KUFANYA NA YA KUTOFANYA

Nayaweka hapa kwa ufupi, mwalimu yeyote aweza kuyaandika ubaoni.

Usimfunge kinyonga uzi, hata ulio laini. Usiuchome uvimbe kwa sindano wala mwiba. Maji yatarudi, na uchafu utaingia. Usimpe dawa za binadamu, hata nusu kidonge, hata robo. Usimlishe wadudu waliotoka shamba lililopigwa dawa, wala waliokufa chumbani baada ya kupuliza dawa ya mbu, maana sumu iliyomwua mdudu humwua na anayemla. Usiwaweke vinyonga wawili pamoja. Wao si kuku, kila mmoja hutaka mti wake, na ugomvi huwaua.

Mwenye kumfuga kwa haki, kama shule au kituo chenye ruhusa, na ampime kwa mizani ndogo ya jikoni siku moja kila juma, aandike gramu katika daftari. Uzito ukipanda majuma matatu mfululizo bila mimba, punguza chakula. Ukishuka upesi, tafuta ugonjwa. Mzima hahitaji kula kila siku. Siku moja ale, siku moja au mbili apumzike. Mdogo anayekua ndiye alaye kila siku. Naye mdudu asipite upana wa kichwa cha kinyonga.

Kila amgusaye na anawe mikono kwa sabuni. Wanyama wa jamii ya mijusi, hata wakiwa wazima, huweza kubeba vijidudu viitwavyo salmonela, viletavyo kuhara na homa. Watoto wa chini ya miaka mitano, wazee na mama wajawazito wasimchezee kabisa, wala asitembezwe mahali pa kupikia.

Akiwa mgonjwa, mwoneni afisa mifugo wa kata. Pengine hajapata kumtibu kinyonga, lakini ajua jipu, ajua figo, na aweza kuwauliza waganga wakubwa wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro.

SHERIA

Wengine wataniuliza, “Kumbe twaweza kufuga?” Jibu ni hili. Kinyonga ni mnyama wa porini, naye yu chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kumkamata na kumweka kwahitaji kibali. Biashara yake kati ya nchi na nchi inaangaliwa na mapatano ya mataifa, kwa kuwa vinyonga wengi walikwisha kuondolewa misituni na kuuzwa ng’ambo, wengine wakafa njiani katika masanduku. Mwaka 2016 Serikali yetu ilisimamisha kabisa kuwasafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Kwa hiyo mtu akija na pesa mkononi, akiwaambia watoto wamkusanyie vinyonga, mjue anawatia watoto wenu hatarini. Kijana wetu hakujua, naye alikwisha kumrudisha. Mambo yameishia hapo. Kwa mtoto apendaye wanyama njia nzuri ni hii: amwache kinyonga juu ya ua, amwendee kila siku na daftari, aandike alikolala, alichokula, rangi alizobadili. Atajifunza zaidi kuliko yule aliyemfunga.

NENO KWA WAZAZI

Sasa nageukia wazazi, maana jambo hili halikuishia kwa mnyama.

Huku kwetu tumezoea kuona unene kuwa baraka. Mgeni akirudi mnene twasema, “Umependeza, huko kwema.” Mtoto mwenye mashavu twamsifu kwa mama yake. Lakini macho hudanganya, na katika nyumba zetu yamedanganya kwa gharama kubwa kuliko kinyonga. Wako akina mama waliomsifu mtoto aliyejaa miguu na uso, kumbe ni kwashakoo. Ugonjwa huo uliandikwa kwa jina hilo mwaka 1935 na daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Jina alilipata kwa watu wa huko wenyewe, waliokwisha kuona jinsi unavyompata mtoto aachishwapo ziwa mdogo wake anapozaliwa. Mtoto yule ana njaa, ijapokuwa anaonekana amejaa. Anakula ndizi akashiba, lakini hapati maharage, wala samaki, wala maziwa, na mwili wake unashika maji.

Mama, jaribu hili. Bonyeza juu ya mguu wa mtoto kwa kidole gumba, uhesabu polepole moja hadi tatu, uachie. Shimo likibaki, hayo si mafuta, ni maji. Fanya hivyo miguu yote miwili, kisha usingoje soko wala Jumapili. Mpeleke zahanati siku ile ile. Na mzee ambaye viatu vyake vimeanza kumbana jioni, miguu ikiwa na shimo la kidole, naye asiambiwe “umenenepa, baba.” Huenda ni moyo, huenda ni figo. Apelekwe.

Na tusisahau unene wenyewe. Siku hizi hospitalini kwetu wako wengi wenye kisukari na shinikizo la damu, na baadhi yao walinenepeshwa na watu wanaowapenda: soda kila mgeni ajapo, sahani ya pili kabla ya kuombwa. Nani atamlaumu mwenye kukaribisha? Lakini mtu apendaye kweli hutazama na mguu, si shingo peke yake. Huuliza, “Huyu anatembea? Anakunywa maji? Analala vizuri?” kabla ya kuongeza chakula.

Mama mpendwa uliyeandika, kwa yule jirani usijibu kitu. Mwalike tu siku moja, kijana amwonyeshe daftari lake la vinyonga. Nimesikia limekwisha kufikia ukurasa wa tisa. Na kwa baba mwenye nyumba, nampongeza kwa jambo moja: hakuwasha moto kabla ya mkewe kuuliza. Kuuliza si ujinga, na barua yako imemwokoa mnyama mmoja na kuwafundisha watu wengi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitajibu wale walioniuliza namna ya kuhifadhi maharage yasiliwe na wadudu. Kaeni salama.